Anwani ya barua pepe ya .co.ke kwa karakana ndogo ya Lamu: tathmini baada ya miaka miwili

Karakana yetu iko ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, hatua chache kutoka njia kuu ambayo wenyeji tunaiita Usita wa Mui, na kazi yake ni kuchonga milango, masanduku na viti vya enzi. Ami huchonga, kaka zangu wawili hupiga randa na kupaka mafuta, na mimi huandika barua, ankara na hesabu. Kwa miaka mingi barua hizo zilitoka kwenye anwani ya bure ambayo kaka yangu mkubwa aliifungua alipokuwa kidato cha nne: jina lake, mstari wa chini, neno refu la Kiingereza lenye maana ya uchongaji wa mbao, kisha tarakimu mbili za mwaka wake wa kuzaliwa. Miaka miwili iliyopita tuliiacha anwani hiyo, tukanunua jina letu wenyewe lenye tamati ya .co.ke pamoja na visanduku vitatu vya barua. Ninayoeleza hapa ni tulichonunua, tulichokipata na tulichojutia, na mwenye haraka ajue mapema kwamba kwa maoni yangu pesa zilikwenda mahali pake, ila shida tulizopata hazikutoka tulikozitazamia.

Kilichotuondoa kwenye anwani ya zamani ni mlango mmoja wa mbambakofi ambao hatukuuchonga. Mwenye hoteli mmoja kutoka Uholanzi, ambaye alikuwa amekaa Shela wiki nzima na kuja karakanani mara tatu kuangalia nakshi, aliniomba anwani yetu dakika ya mwisho, tukiwa gatini Manda, ndege yake ikisubiri na mashine ya boti ikinguruma pembeni. Sikuwa na kadi ya kumpa kwa sababu hatukuwa tumechapisha kadi. Nikamtajia anwani herufi moja baada ya nyingine, naye akaiandika nyuma ya tiketi yake kwa kalamu iliyokuwa ikikwamakwama. Tulipofika kwenye mstari wa chini niliuchora hewani kwa kidole. Yeye akaandika kistari cha katikati. Baada ya miezi miwili nilipata habari zake kupitia kwa nahodha aliyekuwa akimtembeza: alikuwa ametuandikia mara tatu, barua zote zikamrudia, na mlango akauagiza kwingine. Niliiona kalamu yake ikikosea siku ile, nikaona haya kumsahihisha mara ya nne.

Tangu hapo nimekuwa na rai moja ambayo sijaona sababu ya kuiacha. Anwani ya biashara ndogo husikika kabla ya kuonekana. Hutajwa kwa simu, hutajwa barazani, hutajwa boti ikiondoka, na anayeisikia huenda asijue Kiswahili, au akijue vizuri lakini asijue namna unavyopenda kuandika jina lako. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha anwani ni kama mtu aliyeisikia mara moja anaweza kuiandika sawasawa. Kupendeza kwake machoni kuje baadaye.

Kipimo hicho huangusha anwani nyingi ninazoziona kwenye vibao vya mji huu. Mstari wa chini hupotea kabisa anwani inapopigiwa mstari, jambo ambalo programu nyingi za kuandikia hulifanya zenyewe bila kuulizwa. Sifuri hufanana na herufi O, na tarakimu moja hufanana na herufi l. Nambari yoyote ndani ya jina humlazimu msikilizaji kuuliza kama ni tarakimu au ni neno. Sisi wenye Kiswahili tuna mitego yetu pia: ritifaa ya ng' haikubaliki katika jina linalofuata alama ya @, ambalo kwa kawaida hupokea herufi, tarakimu na kistari peke yake, na dh, ny na mw humchanganya mgeni ambaye hajawahi kuziona zikikaa pamoja. Kuna mtego mwingine ambao sikuwa nimeufikiria hata siku moja mpaka uliponinasa. Jina letu la kwanza tulilolipenda lilikuwa milangoyaamu, yaani milango ya Amu, kwa jina ambalo sisi wenyewe tunaliita kisiwa chetu. Maneno hayo yakiandikwa mbalimbali hayana tatizo lolote. Yakiunganishwa, a mbili hukutana katikati na sikio husikia moja. Niliwapigia simu watu watano, akiwemo shangazi yangu wa Mombasa ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, nikaitaja anwani mara moja tu, nikawaomba wanirudishie kwa ujumbe mfupi jinsi walivyoisikia. Wanne waliandika a moja. Shangazi ndiye aliyepata, na hata yeye alinipigia tena kuuliza.

Jaribio hilo la simu tano halikunigharimu hata thamani ya kikombe cha chai, na ningemshauri kila mwenye biashara alifanye kabla ya kulipa chochote, maana jina likishalipiwa na kuchapishwa huwezi kulibadilisha bila kuwapoteza watu njiani. Tulilifanya mara tatu kabla ya kupata jina ambalo wote watano waliliandika bila kosa. Lina herufi saba, halina herufi zilizokutana, na lasomeka vilevile kwa Mwingereza na kwa Mwamu. Sitalitaja hapa, kwa sababu nia yangu si kuitangaza karakana.

Hakimu wa pili alikuwa Ami, ambaye ndiye angechonga kibao cha mlangoni. Nilipompelekea milangoyaamu pamoja na mengine yote yanayotangulia na kufuata, aliweka patasi chini akaitazama karatasi.

"Herufi ngapi hizi, mwanangu?"

"Ishirini na tano, Ami, ukihesabu na nukta."

"Basi rudi ukatafute nyingine. Ubao nilionao haufiki huko, na mimi sichongi herufi ndogo kama za mchwa."

Kanuni za barua pepe huruhusu hadi herufi 64 kabla ya alama ya @. Ami huruhusu kama kumi hivi, na kwa maoni yangu Ami ana akili zaidi. Alama yenyewe ilimpendeza kuliko yote mengine. Aliuliza imetoka wapi, nikamweleza kwamba mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, aliichagua mwaka 1971 ili kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake, kwa sababu ilikuwa haitumiki katika majina ya watu. Ami alisema inafanana na ua la nakshi lililoanza kuchanua, na akaichonga kwa nusu siku nzima.

Sasa nije kwenye bidhaa yenyewe. Neno kikoa, ambalo wataalamu wamelichagua kwa sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, wazee wetu hulisikia kwa maana nyingine kabisa: kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Nilipomwambia Ami kwamba tunanunua kikoa aliuliza chakula kitapikwa kwa nani. Kikoa cha .ke husimamiwa na KENIC, kituo cha kusimamia majina ya intaneti ya Kenya, lakini mteja wa kawaida hulinunua jina kwa wakala aliyeidhinishwa, na wengi wa mawakala hao hupokea malipo kwa M-Pesa. Tamati ya .co.ke ni ya biashara, .or.ke ni ya mashirika yasiyo ya faida, .ac.ke ni ya vyuo, .sc.ke ni ya shule za chini ya hapo, na .go.ke ni ya serikali, hivyo usiipoteze siku yako ukiomba hiyo ya mwisho. Tangu mwaka 2017 mtu anaweza pia kusajili jina linaloishia .ke peke yake, bila .co katikati. Niliitamani hiyo kwa ajili ya ufupi wake, na Ami angeifurahia. Niliiacha kwa sababu moja. Mkenya akisikia jina la biashara likifuatwa na ke, mkono wake huongeza co wenyewe, na barua yako humfikia mwenye .co.ke kama yupo, au haimfikii mtu. Kwa mwenye wateja wengi wa ng'ambo .com ina faida yake, kwa kuwa ndiyo tamati ambayo dunia nzima huiandika bila kufikiri, lakini majina mafupi yaliyo mazuri humo yalikwisha zamani. Sisi wateja wetu ni wa Nairobi na Mombasa kuliko wa Ulaya, na nimegundua kwamba hata yule wa Ulaya hufurahi kuona alama ya Kenya kwenye anwani ya mtu anayemuuzia mlango wa Kenya.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi vizuri, labda kwa kuwa haliwafai, ni kwamba jina na kisanduku cha barua ni vitu viwili. Anayekumbuka sanduku la posta ataelewa upesi. Katika mji huu wenye vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa shida, barua za karatasi hazikuletwa nyumbani. Zilikaa kwenye S.L.P. pale posta, Lamu 80500, na asiye na sanduku aliomba barua zake zipitie kwa shule, kwa msikiti au kwa jamaa mwenye ufunguo. Anwani ya bure ya barua pepe ni kama kupokea barua kupitia kwa jamaa huyo. Hakuna ubaya wowote, ila siku jamaa akihama nawe huna anwani. Jina lako mwenyewe ni tofauti, kwa sababu ndani ya mipangilio yake kuna rekodi iitwayo MX, inayoiambia dunia kwamba barua za jina hili zipelekwe kwenye seva fulani, yaani kompyuta inayopokea na kutunza barua. Ukichoka na seva hiyo unaibadilisha rekodi, barua zinaanza kwenda kwingine, na mteja aliyeandika anwani yako nyuma ya tiketi miaka mitano iliyopita hajui kwamba kuna kilichobadilika. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote katika ununuzi huu, kubwa kuliko ile heshima ya kuonekana biashara ya kweli ambayo matangazo huisifia. Nasi tulilazimika kuitumia mapema.

Lakini kabla ya hapo tulikaribia kulipoteza jina lenyewe. Kijana aliyetusaidia kulisajili, mtu mwema na mwerevu ambaye sina ugomvi naye, alijaza fomu kwa jina lake, simu yake na anwani yake ya barua pepe, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuwafanyia wateja wote. Kisha akapata kazi Ghuba. Mwaka ulipokwisha, vikumbusho vya kulipia upya vilikuwa vikienda kwenye anwani ambayo hakuifungua tena, na sisi tulijua tu kwamba kuna kitu hakiko sawa pale simu ya karakana ilipokaa siku nne bila mlio wa barua mpya. Mwanzoni tulidhani ni utulivu wa mwezi wa Ramadhani. Ilichukua wiki mbili za kumtafuta kijana kwa kupitia ndugu zake, kupata nywila, kulipa na kuhamisha usajili kuwa kwa jina letu, na barua zilizotumwa katika siku hizo ziliwarudia wenyewe. Kama ungekuwa mji mkubwa wenye washindani wengi, huenda mtu angekuwa ameshalinyakua. Kwa hiyo nasema kwa mkazo: siku unayonunua jina, hakikisha kwamba msajiliwa ni wewe au biashara yako, simu ni yako, na anwani ya mawasiliano ni ile ambayo haitegemei jina hilohilo. Nukta hii ya mwisho huonekana ndogo, ila mtu aliyejisajili kwa anwani iliyo ndani ya kikoa chake mwenyewe hawezi kupokea onyo baada ya kikoa hicho kuzimika. Hapa ndipo ile anwani ya zamani ya kaka yangu ilipopata kazi mpya.

Visanduku vya barua tulivinunua kwa wakala yuleyule aliyetuuzia jina, na hapa tathmini yangu inakuwa kali kidogo, ingawa sitamtaja. Bei ilikuwa ndogo, malipo yalikuwa rahisi, na aliyepokea simu alikuwa na adabu kila mara. Tatizo ni kwamba sehemu ya barua zetu haikuwa ikifika, au ilifika kwenye sanduku la taka la mpokeaji, ambalo ni sawa na kutofika. Nilipeleka makadirio ya milango sita kwa ofisi moja ya wasanifu majengo ya Nairobi nikangoja siku kumi kwa unyonge wa mtu anayedhani bei yake imekataliwa, kumbe na wao walikuwa wakingoja, wakidhani watu wa Lamu hatuna haraka na pesa. Wakala alinijibu kwa adabu ileile kwamba nimwambie mteja aangalie sanduku lake la taka. Ni ushauri ambao mtu huutoa mara moja. Mara ya tatu mteja huanza kujiuliza unauza kitu gani.

Sababu nilielezwa baadaye na mwalimu mmoja wa kompyuta, na kwa kuwa inamhusu kila mwenye kutumia jina lake mwenyewe nitaieleza kwa kirefu. Mtu yeyote anaweza kuandika barua na kuiwekea anwani ya mtumaji anayotaka, kama ambavyo mtu yeyote anaweza kuandika jina la mwingine nyuma ya bahasha. Ili kuzuia hilo, mwenye kikoa huweka rekodi tatu kwenye mipangilio yake. Ya kwanza, SPF, ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kubeba barua za jina hilo. Ya pili, DKIM, ni muhuri wa siri unaogongwa kwenye kila barua, ambao mpokeaji huuhakiki ili ajue kwamba barua haikuguswa njiani. Ya tatu, DMARC, humwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa vipimo hivyo viwili: aipokee, aiweke kando au aitupe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekuwa wakali zaidi katika hili: mwenye kutuma kwa wingi, ambaye kwa Google ni mwenye barua kama 5,000 au zaidi kwa siku, lazima awe na zote tatu, na hata mtumaji mdogo kama sisi atakiwa awe na SPF au DKIM. Kikoa chetu hakikuwa hata na moja. Wakala alikuwa ametuuzia sanduku bila muhuri.

Hata rekodi zilipowekwa, bado kulikuwa na shida ya pili, ambayo ni ya huduma nyingi za bei nafuu: seva moja hutumiwa na mamia ya wateja, na akitokea mmoja wao anayetuma barua za ulaghai, anwani ya seva nzima huingia kwenye orodha ya watuhumiwa. Ni kama kusafirisha shehena halali kwenye jahazi ambalo abiria mmoja ana magendo. Wote mtafunguliwa mizigo. Kwa hiyo tulibadilisha ile rekodi ya MX na kuhamia kwenye huduma ya kulipia ya Google, iitwayo Workspace tangu mwaka 2020, jina likibaki lilelile na kwa wakala yuleyule. Uhamisho ulichukua alasiri moja, na kwa takriban siku mbili barua nyingine ziliendelea kuingia kwenye sanduku la zamani, jambo la kawaida kwa kuwa mabadiliko ya aina hii hayaenei kwa wakati mmoja. Usilifunge sanduku la zamani siku hiyohiyo.

Malipo ya huduma hiyo hutozwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi, na hilo ndilo lalamiko langu kuu juu yake, kwa kuwa shilingi ikiyumba na ankara yetu huyumba. Lakini kuna njia ambayo muuzaji hakunieleza na iliyotupunguzia gharama kwa theluthi mbili. Si lazima kila anwani iwe na kisanduku chake. Mtumiaji mmoja anaweza kuwekewa anwani za ziada, hadi 30, zote zikimwaga barua ndani ya kisanduku kimoja bila malipo ya nyongeza. Sisi tulikuwa tunalipia vitatu. Sasa tunalipia kimoja, na anwani zote zipo.

Hilo linanileta kwenye upande wa kushoto wa alama ya @, ambao watu huuchagua kwa haraka baada ya kuhangaika na upande wa kulia. Kuna mapendekezo ya tangu mwaka 1997 ya majina ya kawaida kama info, sales na support, na kampuni kubwa huyafuata. Kwa karakana ya watu wanne naona majina hayo yanaleta ubaridi, tena info ndiyo ya kwanza kubahatishwa na watuma takataka. Anwani yetu ya kutangaza ni karibu, neno ambalo mgeni hujifunza kabla hajashuka botini na ambalo huandikwa kama linavyotamkwa. Nilijisifu sana kwa uchaguzi huo hadi Mfaransa mmoja alipoandika caribu kwa herufi c. Tukaongeza hiyo nayo kama anwani ya ziada, na imeshapokea barua mbili za kweli. Ya pili ni hesabu, inayotoa ankara na stakabadhi. Ya tatu ni jina langu la kwanza, kwa wateja ambao tumeshaandikiana, kwa kuwa mtu anayetuma nusu ya bei ya mlango kabla ya kuuona hupenda kujua anamtumia nani. Kitu ambacho sikushauri ni kumpa kijana wa kazi anwani ya karakana kwenye akaunti yake binafsi ya bure, hata awe ndugu. Akiondoka, mawasiliano yote ya wateja huondoka naye, na kumnyang'anya mtu nywila yake ni fedheha.

Je, anwani ya bure haifai kabisa? Inafaa kwa watu wengi zaidi ya wanavyoambiwa. Gmail ipo tangu Aprili 2004, inakupa gigabaiti 15 zinazogawanywa na picha na faili zako, haipotezi barua ovyo, na nukta zilizomo ndani ya jina haizihesabu, kwa hiyo mteja akizisahau barua bado hufika. Mwenye kuuza mahamri, fundi cherehani wa mtaani, mwenye punda wa mizigo, wote hao wateja wao wako umbali wa sauti, na nambari ya simu yenye M-Pesa na WhatsApp inawatosha. Nikimshauri mmoja wao alipie kikoa nitakuwa namwibia. Ajue tu kwamba akaunti binafsi ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, sera ambayo ilianza kutekelezwa Desemba 2023, na asijaze jina lake tarakimu za mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa humweleza kila mteja umri wake na humpa tapeli mahali pa kuanzia. Wenye nyumba za wageni wako katika hali nyingine. Wengi wao hupokea wageni kupitia kwenye majukwaa makubwa ya kuwekea nafasi, ambayo mara nyingi huificha anwani halisi ya mgeni nyuma ya anwani ya kupitishia. Asipokuwa na anwani yake ya kumwachia mgeni mkononi anapoondoka, mgeni huyo mwakani hurudi kwa jukwaa, na jukwaa huchukua fungu lake upya.

Kuhusu usalama nitasema machache. Kaka yangu mdogo aliangusha simu ya karakana baharini karibu na Matondoni, na wakati huo simu ilikuwa imeunganishwa kwa njia ya POP, ambayo aghalabu huzivuta barua kutoka kwenye seva na kuzifuta huko. Barua za miezi minane zilizama pamoja na simu. Njia ya IMAP huziacha kwenye seva, na sasa tunatumia hiyo. Uthibitishaji wa hatua mbili tumeuwasha, ingawa Ami huuita mlango wenye komeo mbili. Na kwenye kila ankara tumeandika kwamba nambari yetu ya akaunti ya benki haitabadilishwa kwa barua pepe, na kwamba mteja akipata barua ya namna hiyo atupigie simu kwanza, kwa sababu matapeli husajili majina yanayofanana na ya biashara, wakiweka r na n palipokuwa na m, na jicho la mteja mwenye haraka halioni.

Gharama yote kwa mwaka, jina na kisanduku kwa pamoja, haifiki bei ya kiti kimoja cha enzi, na jina lenyewe la .co.ke halikufika shilingi 2,000. Ile ofisi ya Nairobi iliagiza milango minne kati ya sita. Kwa jina natoa alama zote. Kwa wakala aliyetuuzia visanduku natoa nusu, na nusu hiyo ni kwa ajili ya adabu yake kwenye simu. Kwa huduma tuliyohamia naipunguzia alama moja kwa sababu ya dola.

Kumebaki deni moja. Ami, aliyekuwa akiuliza chakula kitapikwa kwa nani, sasa anataka anwani yake. Nilimweleza kwamba naweza kumwekea anwani ya ziada bila malipo, barua zake zikaingia kwangu nami nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hapana, anataka kisanduku chake, kwenye simu yake, kiitwacho ami, herufi tatu tu. Nilipomwambia kwamba tungoje mwezi ujao nione shilingi imekaaje dhidi ya dola, aliingia ndani akarudi na kibao kidogo cha mvule. Alikuwa ameshakichonga.